Panya Asiyetaka Sukari

Kazi yangu ni kuwaudhi panya. Nalipwa kwa hilo, na wewe unayecheka jiulize unaudhi wangapi kwa siku bila mshahara. Mtaani wananiita Mama Panya. Mwanzoni nilikasirika, nikagombana na watu watatu, halafu nikaona jina lenyewe linanipisha kwenye foleni ya bomba, nikalinyamazia.

Si panya wale wa kutafuna magunia. Wetu ni weupe, mmoja anaenea kiganjani, macho mekundu utadhani hajalala wiki. Wako arobaini na wanane, kila mmoja na namba yake sikioni na kisanduku chake cha plastiki chenye maranda laini ya mbao. Ishirini na wanne wako chumba cha kushoto, hao wanaishi raha mustarehe, hawajui shida ya dunia. Ishirini na wanne wengine wako chumba cha kulia, na hao ndio wangu wa kuwaudhi.

Mwenye utafiti ni binti mmoja mdogo wa kutosha kuwa mwanangu, anasomea ule udaktari wa vitabu, si wa sindano. Mwembamba, miwani mikubwa, adabu zake kamili. Ananiita mama, nami namwita mwanangu, na tukikosana namwita Daktari. Anachunguza ugonjwa wa sonona. Siku ya kwanza kabisa alinikalisha akanieleza, "Mama, sonona si huzuni ya kufiwa wala ya kuachwa. Mtu anaweza kuwa hana hata la kulilia. Ila kile kilichokuwa kitamu kwake, hakina utamu tena."

"Na panya naye anapata hiyo?"

"Ukimsumbua kidogo kidogo, kila siku, kwa muda mrefu, anapata kitu kinachofanana nayo."

Basi tukawa na ratiba, imebandikwa ukutani pale. Jumatatu nainamisha visanduku upande, vinakaa hivyo mpaka jioni. Jumanne nalowanisha maranda. Jumatano namhamisha huyu namtia kwenye kisanduku cha yule, akae na harufu ya mwenzake. Alhamisi taa haizimwi. Ijumaa natoa maranda yote, wakae juu ya plastiki tupu. Wiki inayofuata tunaipangua ratiba yote na kuipanga upya, maana panya akishajua kwamba Jumatatu ni siku ya kuinama, anainama zake na maisha yanaendelea. Siri yote iko kwenye kutojua. Hakuna anayepigwa wala kushindishwa njaa, na ukimtazama mmoja kwa siku moja utasema ah, huyu ana shida gani.

Mimi mwenyewe nilisema hivyo hivyo. "Mwanangu, kweli maranda mabichi ndiyo yamvunje mtu moyo?"

"Si maranda, mama. Ni haba na haba."

"Hujaza kibaba," nikamalizia, nikajiona msomi.

Sasa utamjuaje panya mwenye sonona, na hasemi? Hapo ndipo penye utamu wa kazi yetu. Unamwekea chupa mbili. Moja ina maji matupu, nyingine ina maji yenye sukari. Unazipima kwenye mizani kabla na baada. Panya mzima, nakuambia, ile ya sukari anaing'ang'ania mpaka unamwonea aibu, na ya maji anainusa tu kwa heshima. Lakini yule aliyesumbuliwa wiki sita, saba, anakunywa yoyote. Sukari, maji, kwake sawa. Anakunywa ile iliyo karibu.

Ndiyo maana kuna sheria moja ambayo binti alinifundisha kabla hata hajanionyesha choo kilipo: katikati ya kipimo lazima ubadilishe chupa. Ya kushoto iende kulia, ya kulia ije kushoto. Usipobadilisha, hutajua kama panya ameipenda sukari au amependa kona. Mara moja nilisahau kubadilisha, na yule binti mpole alinitazama kwa ile miwani mpaka nikatamani anitukane tu yaishe.

Basi mwenzenu nilikuwa hodari. Miaka mitatu nasoma chupa. Panya akikataa sukari, mimi ndiye wa kwanza kumjua, hata kabla ya mizani. Na nyumbani kwangu hapo hapo nilikuwa kipofu. Mganga hajigangi, walisema, na hawakusema uongo.

Mume wangu ni fundi wa mashine kwenye kiwanda cha sabuni. Watu wote wanamwita Nyuki, na si kwa sababu anauma. Ni sukari. Vijiko vinne kwenye kikombe kimoja, na si vya usawa, vya kujaza mlima. Tena akimaliza chai yake ananyemelea yangu. Anasubiri nimegeuka kutazama kitu, anakichukua kikombe changu na kukomba ile sukari iliyotuama chini, kisha anakirudisha taratibu kana kwamba hakuna kilichotokea. Miaka ishirini na sita ya ndoa nimekunywa chai isiyo na mwisho. Nilikuwa nampigia kelele, "Mwizi wewe!" naye anajifuta midomo na kusema, "Nilikuwa nakuoshea kikombe, mke wangu." Ndivyo siku ilivyokuwa ikianza nyumbani kwetu.

Mwaka jana daktari alimwambia apunguze. Nyuki akaitikia vizuri pale pale, akatoka, akanunua soda. Dada yake, wifi yangu, ndiye aliyelichukua agizo kama amri ya jeshi. Wifi alikuja kwetu kwa siku mbili. Sasa ulikuwa mwezi wake wa nne na hajaondoka. Alikuja na cherehani, televisheni, na maneno. Kopo la sukari akalipandisha juu ya kabati, kule ambako hata mimi nafika kwa kusimama kwenye kigoda. "Kaka yangu hafi kwa sukari na mimi nikiwa hai," akatangaza.

Basi siku moja, bila ugomvi, Nyuki akaacha kutia sukari.

Jamani, furaha iliyokuwepo siku hiyo! Wifi alipiga vigelegele. Mimi nilimtangaza kazini, dukani, mpaka kwa fundi viatu. "Mume wangu kaacha sukari! Vinne mpaka sifuri!" Kila mtu akasema hongera, huyo ni mwanamume, wengine wanashindwa hata sigara. Yeye mwenyewe alikuwa anaitikia tu, "Ndiyo, ndiyo," halafu anakwenda kukaa. Nilimwona anakaa sana. Nikasema amechoka, si mtoto tena. Nilimwona chai anaiacha nusu. Nikasema vizuri, tumbo linapungua. Na kile kikombe changu, kwa mara ya kwanza tangu nimeolewa, nilikuwa nakinywa mpaka chini, sukari yote yangu. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Mwezi ukapita hivyo. Jumamosi moja nikamwonea huruma. Nikamwambia, "Leo tia kimoja tu. Sitamwambia dada yako."

Akatia. Akakoroga, akanywa kidogo, akakisukuma kikombe mbele. "Sukari ya siku hizi haina utamu," akasema.

Sasa mimi nina kasoro moja, ninapandwa na hasira haraka. Ukiniambia kitu kibovu sikai kukijadili, nakipeleka kilikotoka. Nikalichukua kopo lote, nikajifunga kanga kiunoni, huyo dukani. Mwenye duka ni mzee mwenye subira, tumenunua kwake tangu watoto wadogo. Nilimkuta anapimia watu mchele, nikalitua kopo juu ya meza yake kwa kishindo.

"Hii nini?"

"Kopo," akasema.

"Ndani yake!"

"Sukari, mama. Nilikuuzia Jumanne."

"Hii si sukari! Umechanganya na nini? Chumvi? Unga? Mume wangu ametia kijiko kizima hakisikii! Watu wazima na mvi zenu mnachezea vyakula vya watu!"

Wateja wakasogea, si unajua watu wanavyopenda. Mwenye duka alichovya kidole kwenye kopo, akalamba, akafikiri. Akampa aliyekuwa karibu, naye akalamba. Kopo likazunguka duka zima, kila mtu na kidole chake. Nikawa nasubiri hukumu, mikono kiunoni.

"Tamu," akasema wa kwanza.

"Tamu kabisa," akasema wa pili, akachovya tena.

"Mama," mwenye duka akasema, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi, "hebu onja mwenyewe."

Nikaonja. Ilikuwa tamu. Tamu ya kawaida, ya kila siku. Nilisimama pale na kidole mdomoni, watu ishirini wananitazama. Nikaomba radhi kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, nikachukua kopo langu lililopungua, nikarudi nyumbani taratibu.

Nilimkuta Nyuki amekaa pale pale. Nikamwambia, "Toa ulimi."

"Wa nini?"

"Toa nione!"

Akautoa. Ulikuwa ulimi mzima, mwekundu, hauna doa. Nikaugeuza kushoto na kulia kama ninavyokagua panya wangu. Zamani angenitania mpaka nicheke. Siku hiyo aliurudisha ndani akaendelea kuutazama ukuta. Hapo kitu kikanigonga kifuani, lakini bado sikukijua jina lake.

Jina nililijua Jumatatu kazini. Tulikuwa kwenye kipimo cha chupa. Niliingia chumba cha kulia saa mbili asubuhi kubadilisha pande, nikafika kwa namba kumi na saba. Huyo alikuwa mchangamfu kuliko wote tulipoanza, alikuwa akinisikia tu anapanda ukutani kunisalimu. Sasa alikuwa amejikunja kwenye kona. Usiku kucha alikunywa maji matupu, kwa sababu chupa ya maji ndiyo iliyokuwa upande wa kona yake. Nikabadilisha. Sukari ikaja upande wake. Akainua kichwa, akanywa mara mbili tatu, akalala. Hakujua hata kama kuna kilichobadilika.

"Na wewe sukari haina utamu," nikamwambia.

Niliisikia sauti yangu inasema hivyo. Nikageuka kuitazama ratiba pale ukutani, nami naijua kwa moyo, lakini siku hiyo niliisoma kama barua iliyoandikwa kwangu.

Taa haizimwi: kule kiwandani walileta msimamizi mpya, na tangu aje kila jioni anatuma ujumbe kwenye simu. Kesho zamu ya asubuhi. Kesho ya usiku. Kesho usije mpaka nikwambie. Nyuki alikuwa analala na simu mkononi. Kumhamisha kisanduku: wifi alipokuja na cherehani yake tuliiweka kwenye kona ya mume wangu, pale alipokuwa anakaa na redio yake, na kiti chake nikakihamishia karibu na mlango, kisha dirishani, kisha barazani. Mimi mwenyewe nilikihamisha, mara tatu, nikifagia. Maranda mabichi: paa letu lilivuja mvua zilipoanza, likavuja upande wake wa kitanda. Tukaweka beseni, naye akajikunja kandokando ya beseni wiki tano, hakusema kitu. Na kelele? Ratiba ya panya haina kelele. Ya mume wangu ilikuwa na mimi.

Hakuna msiba hapo, umeona? Hakuna aliyekufa. Hata moja katika hayo ukimsimulia mtu atakwambia, ah, vumilia. Nilikaa chini juu ya gunia la maranda nikalia kwa sauti, na binti akaingia mbio akidhani nimeng'atwa.

"Mama! Namba ngapi?"

"Si namba," nikasema. "Ni baba watoto."

Nilimweleza yote, na kopo la dukani nikaliweka humo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavua miwani, akaonekana mtoto kabisa. "Mama, mimi nawajua panya. Binadamu siwezi kukuambia ana nini, na panya si binadamu. Mpeleke kwa daktari wa watu. Usingoje."

"Na nikimpeleka, atarudi kama alivyokuwa?"

Nilitaka aseme ndiyo. Yule binti hajawahi kunidanganya, na hakuanza siku hiyo. "Wengi wanapata nafuu," akasema. "Ila si kwa siku mbili."

Sasa kumpeleka Nyuki hospitali ni kazi. Mtu wa mashine, kwake kitu kisichotoa moshi hakijaharibika. Na mimi, kwa kuwa kazi imeniharibu akili, nikataka kwanza kuwa na hakika. Ndipo nikafanya kosa ambalo mke mwingine yeyote asingelifanya. Badala ya kukaa na mume wangu nikamwuliza, nilimpima.

Asubuhi ya Jumanne nilimwekea vikombe viwili. Vinafanana, chai sawa, moto sawa. Cha karibu hakina sukari, cha mbali kina vijiko vinne. Nikajifanya naosha vyombo. Akavuta cha karibu, akanywa nusu. Jumatano nikabadilisha, chenye sukari kikawa karibu. Akavuta cha karibu, akanywa nusu. Uso ule ule. Nikaandika kwenye kijitabu changu cha sokoni, chini ya vitunguu: Jumanne, karibu. Jumatano, karibu.

Alhamisi nilipotua vikombe hakuvigusa.

"Mama watoto," akasema. "Mbona vikombe viwili?"

Nilitaka kudanganya. Uongo ulikuja mpaka kwenye meno. Lakini alikuwa ananitazama, na ilikuwa siku nyingi hajanitazama, nikaogopa akigeuka hatageuka tena. Nikavuta kigoda nikakaa. Nikamweleza habari ya chupa mbili, kushoto na kulia, na namba kumi na saba, na kona. Nilitarajia atafoka. Mimi ningefoka, ningevunja vyote viwili.

Wifi kule chumbani alikuwa amewasha televisheni kwa sauti.

"Na huyo panya wako," Nyuki akasema, "huwa anajijua?"

"Sijui. Hasemi."

"Mimi najijua," Nyuki akasema. "Nilidhani ni uzee. Naamka, naona kila kitu kiko mahali pake, wewe upo, chai ipo, nami nasema sasa furahi, mjinga wewe. Haiji. Nikaona nikisema nitakutia wasiwasi bure, na wewe kutwa nzima uko na panya."

Miaka ishirini na sita nimekaa na yule mtu. Nikamshika mkono pale juu ya meza, katikati ya vikombe, na mkono wake ulikuwa mzito.

"Panya mnampa nini?" akauliza.

"Dawa. Na tunaacha kumwudhi."

"Mpaka na dada yangu mnamtoa?"

Ilikuwa utani, mdogo, hauna nguvu, lakini ulikuwa utani wake. Nikasema nitakwenda naye hospitali siku hiyo hiyo kabla hajabadili mawazo. Nilimpigia binti simu kwamba leo panya wapumzike, naye akasema, "Nenda, mama, leo nitawaudhi mwenyewe."

Daktari wa watu alikuwa mwanamume mnene, mwenye sauti ya taratibu, na hakushangaa kitu. Alimwuliza maswali mengi, na mengine alinitoa nje ili amwulize. Akampa vidonge, na siku ya kurudi kila wiki kuongea na mshauri. Akaandika na barua kwa kiwanda, kwamba mgonjwa wake apangiwe zamu moja isiyobadilika. Yule msimamizi aliposoma aliguna sana, alivyonisimulia Nyuki, lakini barua ilikuwa na muhuri, na muhuri ni muhuri.

Na mimi nikaipangua ratiba ya nyumbani. Nilimwita fundi wa paa, nikasimama chini ya ngazi mpaka tundu la mwisho likazibwa. Kiti nikakirudisha kwenye kona yake pamoja na redio. Cherehani ikahamia chumbani. Nilimweleza wifi kila kitu, nikajiandaa kwa vita, maana televisheni nayo ilikuwa lazima ipunguzwe sauti. Wifi alisikiliza mdomo wazi. "Kumbe nilipiga vigelegele," akasema, kisha akaingia chumbani, na siku hiyo cherehani haikulia.

Kuhusu mdomo wangu, nilijitahidi. Sisemi zaidi ya hapo.

Sasa kungoja. Nilijua vizuri kuliko jirani zangu wote kwamba dawa hii haina haraka. Panya wetu tukishawaanzishia, wiki ya kwanza hakuna kitu, ya pili hakuna kitu, ya tatu unaanza kubishana na mizani. Nilikuwa nawaambia wanafunzi wageni, tulieni, sayansi haina mbio. Kwa mume wangu nilitaka siku ya pili. Kila Jumapili asubuhi niliweka vikombe viwili, sasa kwa makubaliano, naye anajua. Wiki ya kwanza, karibu. Ya pili, karibu. Ya tatu akalala usingizi mzima, akaamka amekunja shuka mwenyewe, nikakimbilia vikombe. Karibu. Nilikwenda kulia bafuni na maji nimeyafungulia asisikie.

Wiki ya nne namba kumi na saba, ambaye naye tulimwanzishia dawa, akavuka kisanduku kizima kwenda kunywa chupa ya sukari. Binti akarukaruka. Nami nikaruka naye, na ndani ya moyo wangu, nisikufiche, nilimwonea wivu panya.

Wiki ya tano, karibu. Daktari akabadilisha kipimo cha vidonge. Nyuki akaniambia, "Usiandike tena, mke wangu. Unajiumiza." Nikasema nitaandika mpaka kijitabu kiishe, na kama kikiisha kuna kingine dukani, kama mwenye duka ataniuzia.

Wiki ya saba, Jumapili. Jua limeshachomoza, redio kwenye kona inasoma matangazo ya vifo. Nikaweka vikombe vyangu viwili, cha karibu bila sukari, cha mbali chenye vijiko vinne. Nikajimiminia na changu, cha tatu, nikanywa nusu, nikakitua ukingoni mwa meza. Maziwa yakachemka jikoni, nikageuka kuyawahi.

Niliporudi, vikombe viwili vilikuwa pale pale, vimejaa, mvuke unatoka. Hakugusa hata kimoja. Nikasema basi, leo hata cha karibu kimemshinda. Nikanyoosha mkono kuchukua kikombe changu nipate cha kushika.

Kilikuwa kitupu.

Nikakitazama chini. Kimekombwa, kimekombwa mpaka kinang'aa. Nikamtazama mume wangu. Alikuwa anatazama dirishani, mtu asiye na habari, na kwenye masharubu yake kuna chembe za sukari.

"Hivyo vingine ni vya panya," akasema, bila kunigeukia. "Nilikuwa nakuoshea kikombe."

"Mwizi wewe!" nilipiga kelele. "Mwizi! Mwizi!" Nilipiga mpaka sauti ikakatika, huku machozi yananiingia mdomoni.

Wifi akatoka chumbani mbio, kanga moja, mkasi wa kushonea juu. "Yuko wapi? Kaingilia wapi?"

Nikamwonyesha kikombe changu. Wifi akakitazama kikombe, akamtazama kaka yake na yale masharubu, akashusha mkasi polepole. Hakusema neno, na huyo ni wifi yangu. Alivuta kigoda, akapanda, akalishusha kopo kutoka juu ya kabati, akalitua mezani mbele ya kaka yake na kijiko juu yake.

"Kimoja tu," akasema, kisha akageuka kutazama ukuta ili asihesabu.